Sekunde Nne za Senje

Jumatatu, 3 Machi

Trela ya filamu yetu bado ndefu. Dakika mbili na sekunde kumi, na dairekta anataka moja na nusu. Nimekata tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili. Msichana wetu, mhusika mkuu, sehemu yake nimeimaliza: gauni la manjano, kamera usawa wa macho yake, filimbi moja kwa mbali. Watampenda kabla hajafungua mdomo. Shida ni adui. Aliyecheza landilodi, yule mwenye nyumba mkatili, ana uso wa shemasi, hata nimwekee ngoma kumi hatishi mtu. Dairekta amepiga simu kutoka Njoro, anasema trela bila mtu wa kuogopwa ni tangazo la sabuni. Ukweli wake. Umeniuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata. Ni Senje.

Dada ya baba. Ndiye alinilea kule Karagita kwa mshahara wa shamba la maua. Kwa filamu yeye ni mama mwema anayemficha msichana. Pesa za mavazi hatukuwa nazo, kila mtu alikuja na nguo za kwake, na Senje akaja na kitambaa cheupe cha kichwa cha kina mama wa kanisa. Kuna shoti anakata mboga, sukuma. Chumba kilikuwa kidogo, kamera ikabidi ikae chini karibu na jiko. Basi nimetoa sukuma, nikaacha kisu. Nimepunguza mwendo. Nimefuta sauti yake, nikaweka mlio wa mvuke wa visima vya Olkaria niliorekodi mwaka jana, nikaushusha mpaka unanguruma. Mkono kwanza, uso mwisho, kutoka chini, kitambaa kikimtia kivuli machoni. Sekunde nne. Nimeogopa mwenyewe. Halafu nikacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Imetoka. Simu haitulii. Kila mtu anauliza yule mama ni nani, tulimtoa wapi. Dairekta amenisifu mbele ya watu, nikavimba kichwa kama andazi. Senje sijamwonyesha. Najiambia ni kwa sababu simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haiwezi kufungua video. Uongo. Ningeweza kumpelekea.

Jumatano, 12 Machi

Binamu aliye kule Karagita amepiga simu. Watoto wa ploti yao ya vyumba vya kupanga wanamkimbia Senje akitoka bafuni, wanamwita Mama Kisu. Nikasema ni watoto, watazoea. Nikarudi kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Si watoto peke yao.

Kwa ploti ile mtoto akizaliwa, ni Senje anamwogesha wiki za kwanza, jioni akitoka zamu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ana mkono mwepesi, basi, na wamama wengi wale kwao ni mbali, hawana mama karibu. Mimi nimekua nikimshikia taulo. Sasa mama wa chumba cha saba amejifungua Jumatano, na amejifungia na mtoto, komeo ndani. Anasema lisemwalo lipo, kamera haiwezi kuona kitu hakipo. Na kina mama wa kanisa wamemwambia Senje akae kando kwanza. Kitambaa chao, na kisu, mbele ya dunia nzima.

Neno wanalonong'ona silitaki hata kuliandika. Kwetu magharibi watu wamechomewa nyumba kwa neno hilo.

Na yeye hajanipigia. Hata kunigombeza. Naona aibu mpaka mgongoni. Shenzi mimi.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwomba dairekta tuiondoe mtandaoni, nikate nyingine. Amekataa. Trela inafanya kazi yake, anasema, na hii ni filamu tu, watu waelewe. Hiyo sentensi nimekuwa nayo mdomoni wiki nzima. Kuisikia kwa mtu mwingine imenichefua.

Nimeiondoa mwenyewe, nywila ninayo. Amenifukuza kazi kabla ya saa sita. Sawa. Lakini iko kwa simu za watu, inazunguka, na huko sina nywila.

Jumapili, 23 Machi

Karagita. Senje hakuenda kanisani, wiki ya pili sasa. Baada ya ibada nikawaomba kina mama wabaki kidogo.

Nikawafungulia shoti yenyewe kwenye laptopu. Senje na sukuma yake, anamtania msichana kwamba mchele ukiungua ataolewa na nani. Wakacheka. Kisha nikawaonyesha nilichofanya, hatua kwa hatua: hapa nimetoa mboga, hapa nimetoa sauti, hapa nimeweka mvuke. Hawakucheka tena. Kiongozi wao akaniuliza, polepole:

"Na wakati ukikata, ulijua ni senje yako?"

Nikasema nilijua.

Walinyanyuka wote, wakaenda kwake na unga na sukari, wakamwombea, wakamwambia Jumapili ijayo awe mstari wa mbele. Mimi nilisimama mlangoni kama mgeni. Chumba cha saba hakikufunguka. Tulimsikia mtoto akilia ndani.

Jumatatu, 24 Machi

Nimelala kwake. Amerudi kutoka zamu, akaoga, tukala. Akasema nilete hiyo kitu. Ploti nzima imeiona, yeye tu ndiye bado.

Tukakaa kitandani. Akaiangalia. Akaniambia nirudie. Nilingoja matusi, niliyataka hata. Aliweka kidole kwenye kioo, karibu na uso wake, akakiacha hapo.

"Huyu," akasema, "hata mimi singempea mtoto."

Halafu akainuka kwenda kuosha vyombo. Nilibaki na laptopu magotini. Nje walikuwa wanaanua nguo.