Siti ya Nyuma

Makambako, Jumapili 1 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Kamwene. Natumaini baridi ya huko Njombe haijakushinda na kifua kimetulia. Sisi tu wazima. Judith miguu inamvimba, lakini kliniki wanasema mtoto anaendelea vizuri, tumtegemee mwezi wa nane.

Ningekupigia, ila najua simu huisikii tena, na meseji ya jambo hili sitaki usomewe na jirani. Ndiyo maana nampa barua Amon, konda wa basi la Kosta.

Kuna gari, Baba. Celica ya mwaka 1974, milango miwili, mali ya Ronald, fundi rangi wa Mahongole. Amelibadilisha karibu lote: injini kubwa ya gari jingine, matairi mapana, na amelishusha mpaka tumbo linakaribia lami. Nyuma aling'oa siti akafunga mabomba ya chuma kama magari ya mashindano. Nililiendesha hadi nje ya mji na kurudi, nikajikuta nacheka peke yangu. Miaka kumi na minne nachomelea mageti ya watu, sijawahi kuwa na kitu cha kunichekesha hivyo.

Pesa sina. Nawaza kuuza ile miti ya bondeni, uliyoipanda tulipofunga ndoa ukasema ni ya mjukuu wako wa kwanza. Naogopa kuiuza bila neno lako.

Mwanao,
Lameki


Njombe, Jumatano 4 Juni 2025

Mwanangu Lameki,

Salamu nimezipokea. Kifua kipo, baridi ipo, na Mungu yupo. Mwambie Judith akikaa aweke miguu juu ya kigoda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Si macho, ni woga. Nimeendesha lori la misheni miaka thelathini, kwa hiyo nina maswali.

Huyo Ronald kabadilisha injini. Breki je? Na wewe umelijaribia wapi? Makambako ni tambarare, hata toroli husimama lenyewe. Siti ni mbili. Mwezi wa nane mtakuwa watatu. Huyo wa tatu atakaa wapi?

Miti ina miaka saba. Ukiikata sasa unapata nguzo za uzio, na mjukuu wangu anapata visiki. Usiguse kitu kabla hujanijibu.

Baba yako,
Ezekia


Makambako, Jumamosi 7 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa.

Breki ni zilezile za zamani. Ronald anasema zinatosha, na analiendesha mwaka wa tatu sasa. Nimelijaribu barabara ya kwenda Mbeya, pale panaponyooka. Kuhusu siti, Judith na mtoto watapanda basi kama watu wengine. Nimeisoma tena sentensi hiyo na imenitia aibu, lakini nimeshaiandika kwa wino.

Baba, nina miaka thelathini na sita. Nisipolichukua sasa sitalichukua tena, ukweli ni huo. Ronald ana mteja wa Iringa anayemsumbua kila siku, na mnunuzi wa miti anakuja bondeni Alhamisi. Nikikosa barua yako hadi Jumatano, nitahesabu kwamba umekubali.

Mwanao,
Lameki


Makambako, Jumatano 11 Juni 2025, jioni

Baba,

Shikamoo. U mzima? Nakuuliza kwa dhati, si kwa mazoea.

Nilimfuata Amon stendi kuuliza barua, akaanza kuangalia viatu vyake. Mwisho akasema jana alikushusha Mahongole mwenyewe na ukamkataza kuniambia. Nimekwenda kwa Ronald, geti limefungwa, simu yake haipatikani, na gari halipo. Jirani yake, Mama Tabea, anasema mzee mwenye kofia ya sufu alilala chini ya gari mchana kweupe akimulika na tochi, kisha akakaa kwenye usukani, Ronald pembeni, wakaelekea njia ya Njombe.

Nimempigia mnunuzi wa miti asije. Sikuhitaji kufikiri. Judith amejifungia chumbani analia, na mimi naogopa, Baba, kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikikosa neno lako kesho mchana, nakuja.

Mwanao,
Lameki


Njombe, Alhamisi 12 Juni 2025

Mwanangu Lameki,

Mwambie Judith anyamaze, niko hai. Mwandiko ni huu kwa sababu mkono wa kulia una bendeji, na naandika kwa wa kushoto.

Nilikuja kutafuta sababu ya kukukatalia. Nilimwomba Ronald tushuke mteremko mmoja tu, ule wa kuelekea mtoni. Nilikanyaga breki, ikazama mpaka chini. Nikarudisha gia hadi namba moja, nikakwaruza ubavu kwenye tuta, tukasimama katikati ya viazi vya watu. Simu ya Ronald ilivunjikia humo. Alilia. Miaka mitatu yote hajawahi kushuka nalo popote.

Nilibaki nimekaa mle ndani. Niliwaona ninyi wawili kwenye siti zile, na mtoto kwenye mapaja ya Judith.

Nilitaka niliache gari hilo. Lakini Ronald angemuuzia yule wa Iringa, naye ni mtoto wa mtu. Nimelinunua mimi. Manase wa mbao amechukua miti yangu ya kule juu iliyokomaa, niliyokuwa naitunzia paa jipya, na jana lori lake la Fuso likalibeba gari hadi hapa. Paa la zamani litavumilia. Miti ya bondeni haijaguswa.

Usinishukuru. Funguo nimezificha. Njoo Jumamosi na mashine yako ya kuchomelea, uyakate hayo mabomba. Hatuliwashi mpaka breki zote ziwe mpya, na nilishushe mteremko uleule mimi mwenyewe kwanza.

Siti ya nyuma Ronald hakuitupa, alikuja nayo kwenye Fuso. Kuku walikuwa wanatagia juu yake. Nimeiosha kwa mkono mmoja na kuianika uani. Kwa jua hili la Juni, itakauka mwezi wa nane.

Babu yake,
Ezekia