Lifti Ilisema Ghorofa ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeona kitu leo na sina raha. Nilikuwa napekua logi, zile kumbukumbu zinazojiandika zenyewe, za lifti ya jengo letu—hiihii ninayoipanda kila siku, kiini cha mfumo wake nakiandika mimi—nikakuta mstari unasema lifti iko ghorofa ya kumi na moja. Jengo lina ghorofa tisa! Ilikuwa juu ya paa ikifanya nini?

Yaani imepotea hesabu. Kuna kidude kinachohesabu mizunguko ya mota. Kiini, ile programu ya chini kabisa inayoshika mota, breki na milango, hukiamini kwa kila kinachosema. Kidude kikidanganya, kiini kinaendelea na safari kwa uongo huohuo.

Sasa swali. Kiini kikikuta namba isiyowezekana, kifanye nini? Kiandike onyo kwenye logi na kuendelea? Au kijizime palepale, breki zing'ate, watu wakwame katikati ya ghorofa? Nimemwandikia Jaji. Ndivyo tunavyomwita mzee anayekagua msimbo wetu wote, yaani programu tunazoandika, kabla haujatumika. Anaishi mbali, sura yake siijui. Kajibu kwa mkato kama kawaida: onyo. Usiue mashine nzima kwa kosa la kidude kimoja. Tena ukiiua, anasema, umemuua na shahidi, maana logi ya dakika ile haitaandikwa popote.

Kweli kabisa. Huwa anasema kweli, na hilo ndilo linaloudhi.

Jumatano, 5 Machi

Onyo limeingia. Jaji kalipitisha bila neno, na kwake hiyo ni pongezi tosha. Meneja kaniita fundi wa mafundi mbele ya watu. Nikacheka, lakini moyo haujatulia.

Jioni nimekutana na mama mlangoni, anatoka kwenye mazoezi ya magoti. Tunaishi wawili, ghorofa ya nane, na magoti yake yalishazikataa ngazi zamani. Kila akiingia kwenye lifti anaisalimia. "Hujambo, mkwe wangu?" Eti ndiye mwanamume pekee niliyewahi kumleta nyumbani. Jirani wa ghorofa ya sita kacheka mpaka kapitiliza kwake. Mama huyu!

Ijumaa, 7 Machi

Onyo linapiga kelele mno. Kidude kikianza kukosea kinakosea mfululizo, logi inajaa mstari uleule mpaka hakuna kingine kinachoonekana. Meneja: punguza. Basi nimelifanya lionye mara moja tu, kisha linyamaze hadi mashine iwashwe upya.

Mara moja! Na nani anazisoma hizo logi? Nimeuliza ofisini. Kila mtu kaangalia kikombe chake.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Lifti za mteja wetu mkubwa, zinazotumia kiini hikihiki, zimesimama asubuhi, watu ndani, wengine wanalia. Kumbe kampuni yao ya matengenezo iliweka mpangilio wake: onyo lolote lichukuliwe kama hitilafu kubwa, mashine ijizime. Wenyewe wanaona ndio usalama. Kwa hiyo ni onyo langu, lile la upole, ndilo lililowakwamisha. Mimi nilinong'ona, wao wakasikia moto.

Meneja hakutaka maelezo. Nilimwahidi onyo, anasema, siyo krashi, mashine kuzimika ovyo. Nikamwambia niliandika onyo. Basi na onyo litoke, kasema. Nikauliza, na namba isiyowezekana je? Kasema namba haijawahi kuua mtu.

Jaji safari hii kaandika sentensi mbili. Ya pili ni pole. Nimeshika tama mchana kutwa. Ukionya, hawasikii au wanasikia vibaya. Ukizima, unazima na ukweli. Iko wapi njia ya tatu? Sijaiona.

Jumatano, 12 Machi

Nimelifuta.

Alhamisi, 13 Machi

Mama kaanguka. Lifti ilifunguka shubiri nzima chini ya sakafu yetu, yeye akatoa mguu kama siku zote, akajikwaa, akaangukia goti lililo bovu zaidi. Limevimba. Anasema ni uzee. Siyo uzee! Nimefungua logi—safi, kimya. Itasema nini na mimi ndiye niliyeifunga mdomo?

Nimefanya kitu. Mstari mmoja, kwenye lifti ya jengo letu peke yake: namba isiyowezekana, zima. Meneja hajui. Jaji hajui, na akijua hatanipa pole. Naogopa. Lakini bora akwame kuliko avunjike.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimekaa ngazini, juu kidogo ya ghorofa ya nne. Nisipoandika nitapiga mayowe. Mama yuko ndani ya lifti, nyuma ya ukuta huu hapa. Nikipaza sauti ananisikia.

Imesimama. Ni mstari wangu? Ni kitu kingine? Sijui! Logi imekatika kabla ya kuzima, kama Jaji alivyosema. Labda ilikuwa inakimbilia paa na nimemwokoa. Labda ilikuwa salama salimini na nimemfungia bure. Hakuna atakayeniambia, leo wala kesho.

Fundi wa lifti yuko upande wa pili wa mji, hajui atafika saa ngapi. Nimemuuliza kama niiwashe upya kwa laptopu. Kasema ikiwaka itaanza kuhesabu kutoka pale inapodhani ipo, na inadhani ipo wapi, yeye hajui. Angekuwa yeye asingeiwasha. Kisha akaongeza: "Lakini dada, aliyemo humo si mama yangu."

Meneja anapiga simu juu ya simu. Washa, kabla watu hawajaanza kurusha picha mtandaoni! Mstari wangu keshauona. Jumatatu tutaongea, kasema. Tuongee. Kazi sasa hivi siioni hata machoni.

Jirani wa ghorofa ya sita kashuka na kiti. Kiti kizuri, kina mto. Tunacho hapa nje.

Mwanzoni mama alikuwa anatania, mkwe leo kanuna. Sasa hatanii tena. Hawezi kukaa chini, akikaa hatainuka. Anashikilia ile reli, namsikia anavyohema. Amri nimeshaiandika kwenye laptopu, imebaki kubonyeza tu. Nimenyoosha kidole, nimekirudisha. Sijui nimefanya hivyo mara ngapi.

"Mwanangu," kasema sasa hivi, kwa sauti ndogo. "Miguu imekwisha. Iwashe tu."

Nimemwambia mama, ngoja kidogo, sina hakika itakwenda wapi.

Nasikia anahamisha mkono kwenye reli. Kisha:

"Kwani si wewe uliyeitengeneza?"