Mlango wa upande wa kulia

Kindu, Alhamisi

Karani wa bima hakatai kwamba lori liligonga gari langu pale mtaani Kasuku. Anataka tu jina la mtu aliyewahi kukaa upande wa kulia, kwenye kiti cha abiria, aseme kwamba mlango ule ulikuwa ukifunguka kabla ya ajali. Bila jina, mlango haulipiwi.

"Citoyen, unaandikaka habari ya Kindu yote, na hakuna hata muntu mumoja ulibeba?" Akacheka karani; anajua mimi ni mwandishi wa habari.

Wa mwisho kukaa pale ni Feza, mke wangu, siku nilipompeleka kwenye treni ya Kalemie. Huu ni mwaka wa tatu hajarudi. Ningeweza kumwandikia anishuhudie. Sikumtaja.

Nikaufuta mlango kwenye fomu, nikaacha taa na bampa. Mlango wa upande wangu unatosha.