Picha za Majaribio

Mathare, 3 Novemba 2024

Dada Nakhumicha,

Salamu kutoka Nairobi, nakuandikia kama barua ingawa ni kwa simu. Mimi niko poa, ile kikohozi ya vumbi ya kiwanda imepungua. Wewe na shemeji mko aje? Na watoto?

Harusi yangu na Muhonja imebakisha wiki nne. Kyalo mpiga picha alisema tupige za majaribio kwanza, ndio nizoee kamera, si unajua mimi naogopa kuangaliwa. Jana tukaenda Njiru, uwanja iko karibu na kwa kina Muhonja. Kyalo ananiambia, "Buda, unaoa ama umeshikwa na polisi? Toa meno!" Muhonja alicheka mpaka akashika mbavu. Nimenunua kioo, kila asubuhi najifunza kucheka bila kufunga macho. Nataka picha mzuri, dada. Nikizeeka nione kuna mtu alinitaka.

Ndugu yako, Wakoli

Kimilili, 5 Novemba

Mdogo wangu Wakoli,

Tumeamka salama, ni mvua tu imetufungia ndani. Shemeji yako anakusalimia.

Usisimame kama umeitwa na chifu. Nyoosha mgongo, weka mkono kwa kiuno ya huyo msichana, ni wako! Shati usichukue nyeupe ya kung'aa, utakaa mtu amemwagiwa unga. Mama angekuwa hai angekunyoa mwenyewe. Nitumie hizo picha.

Dada yako

Mathare, 12 Novemba

Dada,

Umeamkaje? Mwili yangu iko sawa.

Picha zilifika Alhamisi, ni mimi nilikawia. Ziko arobaini. Nimeziangalia mpaka simu ikazima. Zile Muhonja ako pekee yake, anacheka mpaka macho inapotea. Zile tuko wawili, amefungua tu mdomo. Na mkono, dada. Kila mahali nimemshika, kidole gumba amekificha ndani ya ngumi, kama mtoto anaenda kudungwa sindano. Kyalo hajaona, anasema zimetoka fiti.

Nimuulize, ama ninyamaze?

Ndugu yako, Wakoli

Kimilili, 13 Novemba

Wakoli,

Hatujambo. Usimuulize. Wewe tangu utotoni macho yako inatafuta tu. Msichana ameona haya mbele ya kamera, basi. Na hata kama ni kingine, mapenzi hukuja pole pole, ukishapika, ukishazaa. Hata mimi kwa picha yangu ya harusi sikucheka, na nimekaa miaka kumi na nne. Watu wameshaalikwa. Oa.

Dada yako

Mathare, 19 Novemba

Dada,

Natumai mko salama wote.

Hiyo picha yako naijua. Mama aliitundika juu ya meza, nilikuwa naiangalia nikikula. Shemeji amekushika bega, na wewe umeegemea nje, kama unataka kutoka kwa picha. Ndio maana nilijua kuangalia mkono ya Muhonja.

Jumapili nimemuuliza, nje ya kanisa. "Muhonja, unanitaka?" Nikamwambia sitakasirika. Akasema, "Wakoli, wewe ni mtu mzuri. Nilingoja ikuje. Haikukuja." Hakuna mtu mwingine, dada. Angekuwako ningepata wa kuchukia. Nimeambia mama yake ni mimi nimekataa, wasimkasirikie yeye. Sasa kwao naitwa mbwa.

Mimi bado namtaka. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Ndugu yako, Wakoli

Kimilili, 30 Novemba

Wakoli, mdogo wangu,

Leo ndio ingekuwa siku yako, nimeamka nikikuwaza. Umekula?

Simu nilikuwa nayo hizi siku zote. Maneno ndio nilikosa. Sijakukasirikia. Siku ya picha yangu, mama alinirekebisha kitambaa, shangazi akanipaka poda, mpiga picha akanigeuza kidevu. Hao watu wote walinishika na hakuna mmoja aliniuliza.

Kuja Krismasi, nitakupikia kuku. Ukifika usitaje haya. Shemeji yako husoma simu yangu akitoka shambani, kwa hivyo kwa yangu nafuta hizi barua zote saa hii. Na wewe ukishasoma, futa.

Dada yako