Kwa Hilari, Aliyebaki Jangwani

Mdogo wangu Hilari,

Tangu habari ya kifo chako ifike Newala, wanaokuja kunipa pole hawaondoki bila kunipongeza. "Mama Daudi, ndugu yako kaandikwa gazetini!" Wanasema wewe ndiye uliyeonyesha kwamba lile jangwa la Sudani zamani lilikuwa malisho, na kwamba watu wake walichora ng'ombe wao kwenye miamba. Naitikia, nawakaribisha uji. Moyoni naona wivu, Hilari. Nimeuonea wivu mchanga ule tangu ulipokuchukua.

Uliondoka ukiwa askari. Vita vilipokwisha, wenzako wa Chiwata na Chidya walirudi na makoti yao ya jeshi, tukawachezea ngoma. Wewe ulituma maneno tu: umempata mzee wa Kizungu anayechimbua makaburi ya kale, umebaki kumsaidia. Mama akauliza, "Makaburi ya nani? Ya kwetu kayaona?" Ukasoma hukohuko, ukawa mtaalamu, ukapata na vijana wa kuwafundisha. Daudi wangu alipoingia jandoni tulikungoja wewe, mjomba wake, mpaka akasimama mwingine mahali pako.

Ulirudi mara moja tu, likizo ile. Masasi wakakuomba uzungumze kwenye ukumbi wa kanisa. Bwana DC alikaa mbele, walimu nyuma yake, mimi na mama karibu na mlango. Ukasimulia habari za mwanamke uliyemfukua, aliyezikwa na mtungi wake wa maji. Ukasema bila shaka aliyafuata maji mbali ili watoto wake wanywe. Hapo sauti ikakukatika, ukafuta macho. Nami kabla ya safari ile ya Masasi nilikuwa nimeteremka bondeni na ndoo alfajiri, nikaupanda mlima wote, ili wewe mgeni upate maji ya kuoga. Uliyaoga huku unapiga mluzi.

Tulipokuwa tunarudi Newala nilikuambia, "Yule marehemu umemlilia."

Ukacheka. "Dada, una wivu na mifupa?"

"Ndiyo."

Ukadhani natania.

Mama alipougua tulimlaza hospitali ya Mkomaindo, tukakupigia simu ya maandishi. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, nikamnawisha, nikamlisha uji. Kila asubuhi akifumbua macho aliniuliza mimi huyuhuyu mwenye kijiko, "Hilari kafika?" Hata siku aliyokata roho aliuliza. Nikamjibu, "Yuko njiani, mama." Akatabasamu. Nilikuwa nimeketi pale tangu ugonjwa ulipoanza, na tabasamu likaenda kwako. Nawe hukuwa njiani. Ulikuwa umeinama kwenye shimo lako.

Basi juzi akaja mwanafunzi wako wa Sudani, Idrisi, kwa lori kutoka Masasi. Nilikuwa napepeta mtama uani. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo, shangazi."

Nikaweka ungo chini. Shangazi! Kumbe kule ulikuwa baba wa mtu. Kiswahili chake ulimfundisha wewe, kimepinda kwa Kimakonde palepale chako kilipopinda. Anakaa kama wewe, mguu mmoja ameukunja chini ya paja. Ananieleza mimi, dada yako, kwamba chai ulipenda isiyo na sukari, kwamba uliomba mwenyewe uzikwe kando ya mashimo yako, na kwamba ulipochimba uliimba. Akauanza wimbo wenyewe. Ulikuwa wa mama, wa kutwangia.

"Basi, baba," nikamwambia. "Inatosha."

Akaniacha nilie. Halafu akasema kwa upole, "Alikuwa akikutaja, shangazi. Tukikuta mtungi tu, anasema, 'Dada yangu angeubeba huu hadi juu.'"

Maneno hayo yalinifurahisha, kisha yakaniuma, maana uliwaambia wao.

Anaandika kitabu cha maisha yako. Nilimpa mengi: ulivyoogopa majogoo, ulivyofukuzwa kwaya kwa kucheka. Mwisho akauliza, "Na nyumbani, alipokuwa mdogo, mlimwitaje?"

Jina lile unalijua. Nilikupa mimi, ukiwa bado unatambaa. Mama alilijua, bibi alilijua. Wote wamekwenda, nimebaki peke yangu.

"Hilari tu, mwanangu," nikamwambia. Akaandika.

Kaburi wanalo, vitabu vyako wanavyo, hata wimbo wa mama wanao. Jina lile hawalipati, na hapa pia siliandiki. Lori lake lilipoanza kuteremka kuelekea Masasi, nilikwenda mpaka ukingoni mwa mlima, vumbi likatulia, nikaliita kwa sauti yangu yote.

Wanawake waliokuwa wakipita waliniuliza namwita nani. Nikasema, namwita wa kwangu.

Pumzika sasa.

Ni mimi,
Dada yako