Ordinateur niliyoichagua kama ng'ombe

Mama Rukundo,

Chai iko mu termosi. Mutu asiguse mashini ya kuchonga mbao. ~~Nitarudi saa kumi na ordinateur ingine.~~ Hapana, sijui nitarudi na nini.

Asubuhi nilijaribu kuunga mashini na ile ordinateur ya okaziyo, kompyuta yenye wengine walishatumia, yenye nilinunua Goma juu ya kuiongoza. Kabula, ile waya ya mashini, iko na kichwa pana, ya zamani. Ordinateur haina tundu yake. Muuzaji alikuwa na ingine, nzito, ya kizee, yenye ile tundu. Nikaicheka. Nilichagua vile papa yangu alinifundisha kuchagua ng'ombe: ya kijana, ngozi yenye kung'aa, hakuna jino yenye imekosa. Wewe uliniambia nibebe kabula tujaribu kule kule. Nikajibu macho yangu inatosha.

Naenda Goma kumuomba muuzaji abadilishe. Sizani atakubali.

Usimuambie baba yako. Yeye njo alikupa Bihogo, na Bihogo njo ng'ombe tuliuza juu ya kununua mambo hii.

Bido ya maziwa, tupu, utaikuta ku mulango ya lupango, pale ng'ombe inalalaka. Leo asubuhi nilifika nayo mpaka pale kukamua, njo nikakumbuka.

Papa Rukundo