Hongera ya Lili

Jumanne

Nilijua. Kitambaa cheupe kwapani, mbao chache, misumari: mzee yule wa kijiji cha Goweko, aliyekuja kununua dukani kwetu, alikuwa anakwenda kutengeneza jeneza.

Lili, binti wa bosi, akamchangamkia. "Shikamoo babu! Unajenga?"

"Marahaba. Ndiyo, nyumba ya mwanangu."

"Hongera sana!"

Mzee akamtazama, akabeba mbao zake, akaondoka. Nami, niliyeagizwa na bosi Chen nimfundishe bintiye kazi, nikajifanya napanga makopo ya rangi. Duka nimelilea mimi, halafu anarithi yeye! Nilitaka akosee. Lakini si kwa mfiwa, jamani, si kwa…

Wakati wa kufunga akaniuliza, uso umemkunjuka, "Dada Zuhura, leo nimeongea vizuri na wateja?"

Nikasema, "Vizuri sana."

Akanishukuru.